Funguo si makabidhiano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye nyumba za kulelea wazee hapa Tanga, za taasisi za dini na za watu binafsi, pamoja na wale wanaozikagua kutoka halmashauri na mkoani. Nataka kuzungumzia namna tunavyowapata wauguzi wafawidhi, yaani wasimamizi, wa nyumba hizo. Aliyekuwepo anaondoka, pengine kapata ajira serikalini, pengine kamfuata mume Arusha. Mwenye nyumba anawatazama waliobaki, anamwona yule mpole, asiyechelewa zamu, mwenye mkono mzuri wa kupata mshipa, anamwita ofisini. Jioni ile ile binti anatoka na rundo la funguo: stoo, kabati la dawa, friji, geti la nyuma. Kesho yake ndiye mfawidhi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe linatolewa siku ya kwanza, na shamba lenyewe hajaonyeshwa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimesimamia wodi kwa miaka mingi, na baadhi ya mabinti niliowafundisha kazi wamejikuta katika nyumba hizo. Hunipigia simu usiku. Maswali wanayoniuliza yananionyesha kwamba hawakosi akili wala moyo, ila hakuna aliyekaa nao akawaambia kazi yenyewe ni ipi.

Chuoni somo la uongozi lipo, lakini linamfikiria muuguzi wa hospitali. Wodini daktari anapita asubuhi, maabara iko ng'ambo ya korido, na mgonjwa baada ya wiki anarudi kwao. Kwenye nyumba ya wazee mtu anakaa miaka. Daktari anakuja kwa kuitwa, na wa kumwita ni mfawidhi. Sasa mzee akipata maambukizi ya mkojo au ya mapafu, mara nyingi homa haipandi kama kwa kijana. Unachokiona ni kwamba Babu aliyekuwa akitania kila asubuhi leo hamtambui mwanawe, hataki uji, anazungumza na watu wasiokuwepo. Wahudumu watasema ni uzee. Wengine, na huku pwani tunajuana, watasema ana mashetani. Mfawidhi aliyefundishwa atapima mkojo, joto, sukari na presha kabla ya kumsikiliza yeyote. Asiyefundishwa anaweza kushawishika ampe diazepamu atulie, na mzee aliyelewa dawa ya usingizi ndiye anayeanguka akienda chooni na kuvunjika nyonga.

Vidonda vya kulalia ni mfano mwingine. Mfupa unagandamiza nyama kwenye godoro, damu haipiti, nyama inakufa: kwenye kisigino, nyonga, na pale chini ya kiuno. Kila muuguzi anajua kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Lakini vitabu vingi tulivyosomea vinasema utazame wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Inabidi utazame sehemu iliyozidi kuiva rangi, uiguse usikie kama ina joto au imekuwa ngumu kuliko pembeni yake. Mfawidhi hawezi kugeuza wazee wote peke yake. Kazi yake ni kuhakikisha mhudumu wa zamu ya usiku, ambaye huenda aliishia darasa la saba, anajua kugusa na anajua kuandika alichokigusa. Kumfundisha mwingine na kumfuatilia bila kumdhalilisha ni kazi tofauti kabisa na kugeuza mgonjwa.

Hapo ndipo penye ugumu ambao sijausikia ukisemwa popote. Binti ana miaka ishirini na kitu. Mhudumu anayemwongoza ni rika la mama yake, labda ni jirani yao wa Ngamiani, labda alimbeba mgongoni. Asubuhi anampa shikamoo, anaitikiwa marahaba mwanangu. Dakika tano baadaye inabidi amwambie kwamba Bibi wa kitanda cha dirishani amelala ubavu mmoja usiku kucha. Jibu analijua kila aliyefanya kazi hii: "Mwanangu, mimi nawageuza wazee tangu hujazaliwa." Binti wengi hunyamaza. Wachache hupandisha sauti ili waonekane wakubwa, na kuanzia siku hiyo hakuna anayewaambia kitu. Mimi huwaambia wasifanye hayo yote mawili. Mwite pembeni, si mbele ya wazee, si mbele ya wenzake. Umwambie, "Mama, njoo unisaidie tumtazame Bibi kisigino." Mkishaona pamoja, mpe yeye daftari aandike. Shikamoo inabaki pale pale, na kidonda kimeandikwa. Lakini ushauri kama huu usiwe wa kupewa kwa simu saa nne ya usiku na mstaafu aliyeko kitandani kwake Makorora.

Nitaje na Ramadhani, maana kwetu haikwepeki. Mzee mwenye kisukari anataka kufunga kama alivyofunga maisha yake yote. Dini imempa ruhusa mgonjwa asifunge, lakini ruhusa hiyo wengi hawaitaki, na kumnyang'anya mtu mzima uamuzi wake si uuguzi. Sasa kama anameza glibenklamidi, dawa hiyo inakaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee inaweza kuishusha sukari akiwa usingizini mchana, watu wakadhani amechoka na swaumu. Mfawidhi anatakiwa akae na daktari, familia na mzee mwenyewe kabla mwezi haujaandama, wapange dawa zinahamia futari au daku, nani anapima sukari saa ngapi, na ikishuka kiasi gani anafungua bila mjadala. Akigundua haya siku ya tatu ya mfungo amechelewa. Na insulini, Mhariri, inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Sitasema ni wapi nimeona friji la dawa limepangwa samaki, changu na kibua, juu ya chupa za insulini, mlango unafunguliwa kila dakika.

Tusidhani shida hii ni ya kwetu peke yetu. Marekani walitunga sheria ya nyumba za wazee mwaka 1987. Sheria ile inamtaka mhudumu apate mafunzo yasiyopungua saa 75. Mkuu wa wauguzi wa nyumba hiyo hiyo, sheria ya shirikisho inataka awe muuguzi aliyesajiliwa na afanye kazi muda wote, lakini haimwekei saa hata moja ya mafunzo ya kuongoza. Kwa hiyo tukingoja wakubwa watutangulie, tutangoja sana.

Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa mlezi wa kwanza, na mimi sina ugomvi na hilo. Lakini watoto wako Dar es Salaam na Mwanza, wengine Muscat, na nyumba za binafsi zipo. Serikali nayo ina makazi yake, kama Mwanzange hapa mjini na Misufini kule Muheza. Barua hii haihusu hayo, maana yana utaratibu wake wa utumishi. Nawasema wale ambao kwao mwenye nyumba ndiye sheria.

Ninachoomba si chuo kipya. Mfawidhi anayeondoka na anayeingia wakae pamoja wiki mbili. Wapite kitanda kwa kitanda, si kwenye karatasi: huyu anapaliwa, uji wake uwe mzito; huyu mwanawe mkubwa na mdogo hawasemezani, ukimpigia mmoja mpigie na mwingine. Dawa zihesabiwe na watu wawili na wote watie saini, hasa zile za usingizi na za maumivu makali. Apewe kwa maandishi nani anapigiwa mzee akifariki usiku, nani anamwosha kama ni Mwislamu ambaye ndugu zake wako mbali, nani anaitwa kama ni Mkristo. Na wakati wa wiki hizo asipangiwe zamu ya kawaida, maana nimeona "mafunzo" ambayo mtu anafundishwa huku ana wagonjwa ishirini mikononi.

Wenye nyumba wataniuliza mishahara miwili kwa kazi moja inatoka wapi. Inatoka pale inapotoka gharama ya kulaza mzee mwenye kidonda hospitali mwezi mzima, na ya kutafuta mfawidhi mwingine baada ya huyu kukimbia. "Waja leo, waondoka leo" tumwambie mgeni anayetutembelea, isiwe mkataba wa kazi.

Na kama aliyetangulia ameshaondoka, hapa Tanga wamejaa wauguzi wastaafu waliosimamia wodi, wamekaa barazani na maarifa yao. Ofisi ya muuguzi mkuu wa mkoa ingeandika majina yetu, na nyumba yoyote inayomteua mfawidhi mpya iwajibike kumwita mmoja akae naye wiki hizo mbili. Posho tutaelewana. Mimi nauli ya daladala nitajilipia.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Makorora, Tanga