Kwenye nusu kaputi, tusingoje joto lipande

Mhariri,

Mgonjwa akifia mezani, minong'ono huwa ile ile: "alizidishiwa dawa ya usingizi." Lakini kuna dharura inayoua hata kipimo kikiwa sahihi kabisa, nayo ni joto kali la nusu kaputi. Mwenye kasoro hii ya kurithi, mara nyingi kwenye jeni ya RYR1, akivuta gesi za usingizi kama halotheni, isoflureni au sevoflureni, au akichomwa suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, kalsiamu hufumuka ndani ya misuli bila breki. Misuli hukakamaa, hula oksijeni na kutema kaboni dioksaidi.

Jina lenyewe linapotosha, maana joto mara nyingi huja nyuma. Hutangulia kaboni dioksaidi kupanda kwenye skrini ingawa mashine inampumulia vizuri, moyo kwenda mbio na taya kukaza. Ukingoja kipimajoto kikuthibitishie, umechelewa. Likishaanza, joto laweza kupanda nyuzi 1 hadi 2 kila dakika 5.

Funga gesi hapo hapo, ita watu, mpe oksijeni asilimia 100 kwa lita 10 au zaidi kwa dakika, na usingizi uendelee kwa propofoli ya mshipa. Dawa yenyewe ni dantrolini, miligramu 2.5 kwa kilo, ikirudiwa mpaka dalili zitulie. Mtu wa kilo 70 anahitaji miligramu 175, yaani chupa 9 za miligramu 20. Kila chupa huchanganywa na mililita 60 za maji ya sindano, kamwe si dripu ya chumvi, na unga wake ni mbishi kuyeyuka. Ndiyo maana watu wawili au watatu wapewe kazi ya kutikisa chupa tu. Akiba inayoshauriwa ni chupa 36. Chupa 2 kabatini ni pambo.

Potasiamu ikipanda kwenye damu, toa kalsiamu, insulini na glukosi, ila verapamili, dawa ya moyo, isiguswe. Mpoze akivuka nyuzi 39, acha akifika 38. Mkojo wa rangi ya kahawa ni misuli inayomeguka, linda figo. Kisha chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) saa 24 angalau, kwani hali hurudi.

Kwa wasomaji: kuwahi kupasuliwa salama si kinga. Kama kuna ndugu wa damu aliyefia kwenye nusu kaputi au kupata joto la ghafla, mwambieni daktari wa usingizi mapema. Propofoli, ketamini na ganzi ya mgongo haziamshi balaa hili, na mtoto wa mwenye kasoro ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi.

Daktari wa usingizi