Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha: kioo nacho kiulizwe kama nondo

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi uashi na vioo, karakana yangu iko kata ya Unga Limited. Kwa miaka 19 nimejenga kuta za tofali za kioo na kufunga vioo vya maghorofa hapa mjini. Siandiki kulalamikia kibali wala ushuru. Naandika kwa sababu ya jambo ninaloliona kwenye ramani karibu zote ninazoletewa na wateja. Nondo zimechorwa moja moja, unene wake, idadi yake, nafasi kati ya ringi na ringi. Ukifika kwenye kioo, unakuta mshale na neno moja: "kioo". Basi.

Zamani neno hilo lilitosha. Kioo kilikuwa cha dirisha, kikipasuka anatumwa mtoto kununua kingine na putini. Leo kioo ni ukuta, ni kizuizi cha roshani, ni ngazi, ni paa la kibaraza cha hoteli. Kinapambana na upepo, na pale roshani kinambeba mtu aliyeegemea. Ombi langu ni kwamba kabla kibali hakijagongwa muhuri, mwenye jengo aulizwe kwa maandishi: ni kioo cha aina gani, kina unene gani, kimeshikwa na nini, na kimeachiwa nafasi gani ya kusogea.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka sita iliyopita nilijenga ukuta wa tofali za kioo kwenye ngazi za jengo la ghorofa tatu. Tofali zenyewe ni zile za kawaida, sentimita 19 kwa 19, unene sentimita 8. Mita moja ya mraba inameza 25. Kuzijenga si sawa na kujenga bloku. Bloku inakunywa maji, kioo hakinywi. Ukikoroga mota laini kama ya bloku, tofali linaelea, na ukifika mstari wa tano ule wa kwanza umeshaanza kulala upande. Kwa hiyo unakoroga kavukavu, kwa saruji nyeupe na mchanga laini, unapanda mistari michache, unafuta uso wa kioo kwa kitambaa kabla mota haijashika, kisha unaacha hadi kesho. Kila baada ya mistari miwili unalaza nondo nyembamba za milimita 6. Ni kazi ya subira, na katika kazi zangu zote hakuna ninayoipenda kama hii.

Tulipofika juu, chini ya zege, niliacha nafasi ya kuingiza kidole. Msimamizi akaja, akatazama, akasema, "Fundi, jazia hapo, bosi hataki kuona tundu." Nilijua si sawa. Nikajazia. Mpaka leo linaniuma.

Baada ya miezi minane nikaitwa. Mstari mzima wa juu ulikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, kutoka kona hadi kona, na tofali nne zilikuwa na ukungu ndani. Tofali la kioo ni vipande viwili vilivyounganishwa vikiwa vya moto sana. Hewa iliyobaki ndani ikipoa, inakuwa pungufu kuliko ya nje. Ufa ukitokea, hewa ya nje inaingia na unyevu wake, na huo huwezi kuupangusa tena. Kilichozipasua ni sakafu ya juu. Zege likibeba mzigo hushuka kidogo, milimita chache ambazo macho hayazioni. Sakafu ikashuka, ikakalia kioo, na kioo hakijui kukunjika. Tofali hizi hazikutengenezwa kubeba jengo. Ndiyo maana juu na pembeni huachwa kama milimita 10, panawekwa sponji, panafunikwa kwa silikoni, na chini hupakwa lami ili ukuta upate kuteleza. Kanuni za Marekani zinaweka hata ukomo wa ukubwa: kwa tofali za kawaida kwenye ukuta wa nje, kipande kimoja kisizidi takriban mita 13 za mraba, na ukitaka zaidi unakigawa kwa nguzo au mkanda, yaani boriti ya kulala. Mwaka jana nililetewa mchoro wa ukuta wa mita 9 kwenda juu, hauna hata mkanda mmoja. Niliukataa, sijui mteja aliupeleka kwa nani.

Wenzetu wenye fedha na wahandisi wengi nao yamewakuta. Boston, Marekani, mwaka 1973, mnara wa John Hancock wa ghorofa 60 ulianza kudondosha vioo barabarani kabla hata haujafunguliwa. Mwishowe vilibadilishwa vyote 10,344, na kwa muda mrefu mnara ule ulisimama umezibwa kwa plaiwudi. Vilikuwa vioo vya tabaka mbili, na kiungo cha kingoni kilishika kwa ukakamavu mno. Upepo ukitikisa, kiungo hakilegei, kinaanza kumeguka pamoja na kioo. Ni kosa lilelile la ngazi zangu, kwa ukubwa mwingine.

Na sisi tuna la kwetu zaidi ya upepo. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Julai 2007, wakati ule wa matetemeko ya mlima Gelai na volkano ya Ol Doinyo Lengai, ardhi ilitikisika kwa siku nyingi, na tetemeko kubwa la tarehe 17 lilifika ukubwa wa 5.9. Wengi tulitoka nje usiku na watoto mikononi. Maghorofa ya vioo yalikuwa machache wakati huo. Tokyo wanajua matetemeko kutushinda, na bado mwaka 2001 walijenga duka la Hermès, kazi ya Renzo Piano, kwa tofali za kioo zipatazo 13,000. Viungo vya ukuta ule vimebuniwa ili tofali zisogee kidogo jengo likiyumba. Kwa hiyo inawezekana. Kinachotakiwa ni mtu kufikiria kabla.

Sasa nikupeleke juu ya vichwa vya watu. Kioo cha unene wa milimita 10, mita 2 kwa mita 1, kina kilo 50. Huo ni mfuko wa saruji. Tunauning'iniza ghorofa ya nne, na chini yake, kwenye kivuli, amekaa mama anauza ndizi na parachichi. Kioo cha kawaida kikivunjika hushuka kama mapanga. Cha tempadi, yaani kilichopashwa moto kiwandani na kupozwa ghafla ili kiwe imara, hugeuka punje, na mlangoni hilo ni jema, lakini kutoka ghorofa ya nne punje zile hushuka zimeshikana kwa mabonge. Tena tempadi huweza kupasuka chenyewe: ndani yake huweza kubaki chembe ndogo ya nikeli na salfa, ikavimba polepole miaka na miaka. Nimewahi kusimama hatua tatu kutoka kwa kimoja, saa saba mchana, hakuna aliyekigusa. Kililia kama tairi la lori. Kinachofaa juu ya watu ni kioo cha tabaka, chenye utando wa plastiki katikati. Kikipasuka kinabaki kimening'inia, na mnapata muda wa kufunga njia.

Kukagua hakuhitaji mashine. Tempadi huwa na muhuri mdogo wa kiwandani kwenye kona. Kioo cha tabaka, ukitazama ukingo wake, unaona mstari wa utando. Na tempadi haikatwi tena ikishatoka kiwandani, inasambaratika. Kwa hiyo mkaguzi akimkuta fundi saiti anakata kwa almasi kioo ambacho ramani inasema ni tempadi, jibu limepatikana palepale.

Naomba usinielewe kwamba nataka vioo vipigwe marufuku. Daktari mmoja wa Paris alijengewa nyumba ya tofali za kioo iliyokamilika mwaka 1932, na bado imesimama. Hapa kwetu nimejenga ngazi ambazo kuanzia asubuhi hadi jioni haziwashwi taa. Mwanga unaingia laini, hauchomi macho, na wa nje hawaoni wa ndani. Hata Julai, mawingu yakiufunika Meru wiki nzima, unaona unapokanyaga. Kitu kizuri namna hii kikiua mtu mmoja kwa uzembe, tutakichukia sote.

Zile tofali nne zenye ukungu nilizitoa mwenyewe nikazihifadhi, ziko kwenye rafu karakana kwangu. Nikipangiwa siku, nitazileta ofisini kwako pamoja na kipande cha kioo cha tabaka kilichopasuka, wakaguzi wako wazishike kwa mikono yao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi uashi na vioo,
Unga Limited, Arusha