Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Tovili

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati iutumie mwaka huu kujifunza jambo moja tu: ibada za uponyaji za Wasinhala wa Sri Lanka, zinazoitwa kwa jumla tovili, zikitazamwa kama maonyesho na tamthilia. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitabaki kwenye kazi yenyewe.

Kamati imekubaliana juu ya neno moja. Katika tovili, mchezo ndio dawa. Tulizoea kuvieleza vichekesho vya alfajiri kama kiburudisho cha kuwaamsha wageni waliosinzia, na miongozo yetu ya mafunzo ilisema hivyo. Tulikosea, na sehemu hiyo tumeifuta.

Tovili huchezwa nyumbani kwa mgonjwa, mbele ya mlango, tangu jua kutua hadi kupambazuka. Usiku hugawanywa zamu tatu: ya jioni, ya usiku wa manane na ya alfajiri. Mganga wake ni edura, na kwa desturi waganga na wapiga ngoma hutoka katika tabaka la Waberava, ambao hurithishana kazi hii baba kwa mwana. Mchana kutwa wao hujenga uwanja: vigogo vya migomba vilivyomenywa, fito, na majani machanga ya mnazi yaliyochanwa na kusukwa kuwa mapambo na madhabahu. Husukwa pia sinia za sadaka, pideni, za kuwekwa wali, maua na tambuu. Kila pepo, yaani yaka, ana sinia yake. Hakuna kinachohifadhiwa. Kigogo cha mgomba kilichomenywa hubadilika rangi upesi, na majani ya mnazi hunyauka, ndiyo maana huwezi kujenga jana ukacheza leo. Mwanachama anayepanga bajeti ya onyesho na aliweke hilo mbele: mafundi wa kusuka wanahitajika siku hiyohiyo, na si wawili tu.

Ngoma ya pwani ya kusini, yakibera, ni ya mcheduara, hupigwa kwa mikono miwili bila fimbo, na huwambwa kwa utando wa tumbo la ng'ombe, ndiyo sababu ya mlio wake mkali. Isichanganywe na gatabera ya milima ya Kandy, yenye ngozi ya nyani au mbuzi upande wa kulia na ya ng'ombe upande wa kushoto.

Kisha kuna dumala, utomvu mkavu wa mti unaofanana na sandarusi yetu. Husagwa ukawa unga, ukarushwa juu ya mwenge, moto ukalipuka mara moja na kuzimika, na mchezaji akatokeza katikati ya moshi. Unga wenye chembe kubwa au unyevu huanguka chini bila kuwaka. Ukitupwa ndani ya mwenge badala ya juu yake, hutoa moshi mwingi na mwanga haba. Na chini ya taa za umeme mlipuko wenyewe hauonekani kuwa kitu. Giza ni kifaa cha kazi hapa sawa na ngoma.

Wengi wetu tumekulia karibu na ngoma za kupunga pepo, na hapo ndipo ufahamu wetu uliposaidiwa na pia kupotoshwa. Kwetu, kwa sehemu kubwa, pepo hupanda kichwani kwa mwele, akazungumza kwa kinywa chake, fundi akamwuliza jina, kabila na anachotaka. Kwenye tovili mgonjwa anaweza naye kupandisha, lakini kilele cha usiku kimewekwa mahali pengine. Yaka huingia uwanjani akiwa mtu aliyevaa barakoa, na mgonjwa hukaa akimtazama. Ugonjwa umetolewa mwilini mwake ukasimamishwa mbele ya macho yake na ya majirani zake wote.

Hilo huonekana wazi kabisa katika Sani Yakuma, ibada tuliyoipa muda mrefu kuliko zote. Kisa chake ni hiki. Mfalme wa mji wa Visala alimshuku malkia wake kuwa si mwaminifu, akaamuru auawe naye ni mjamzito. Mtoto alizaliwa na maiti, akaishi kwa nyama ya mama yake, akakua kuwa Kola. Alikusanya sumu, akafinyanga madonge 18, na kila donge likawa yaka wa maradhi. Aliuangamiza mji hadi Buddha alipofika akamtiisha. Tangu hapo Kola na kundi lake wana ruhusa ya kuwatia watu maradhi na kupokea sadaka, na wana wajibu wa kuwaachia wakishapokea. Kwa hiyo edura hamfukuzi adui tu. Anamkumbusha mwenye kibali mipaka ya kibali chake, mbele ya mashahidi.

Kila mmoja kati ya hao 18 ana ugonjwa wake na uso wake. Kana ni wa upofu, Bihiri wa uziwi, Golu wa ububu, Kora wa kulemaa. Vata, Pita na Sema hubeba majina ya vile vitu vitatu, upepo, nyongo na kohozi, ambavyo Ayurveda, tiba ya jadi ya Bara Hindi, husema vikipotoka mizani mwili huugua. Barakoa huchongwa kwa kaduru, mti mwepesi unaoota penye majimaji, na mji unaosifika kwa wachongaji ni Ambalangoda. Wepesi huo una maana: mchezaji anazunguka na kuruka huku akipaza sauti, na barakoa nzito ingemfunga shingo.

Saa za mwanzo ni za kutisha kwa makusudi. Ngoma, moshi, majina ya mayaka yakiitwa, sadaka zikigusishwa mgonjwa. Mwanaanthropolojia Bruce Kapferer, aliyefanya utafiti wake Galle, mji wa kusini mwa Sri Lanka, ameonyesha jambo ambalo sisi tulikuwa tukilipita: wakati huo mgonjwa yuko peke yake ndani ya ulimwengu wa mayaka, ilhali wageni wanakunywa chai na kuzungumza mambo yao. Wamo uwanja mmoja, lakini hawaoni kitu kimoja. Usiku wa manane ngoma na uchezaji huwavuta wote pamoja. Baada yake huingia Ata Paliya, mayaka wanane wanaoleta mmoja mwenge, mwingine chungu, mwingine jogoo, kila mmoja na chake, na ndipo Dahaata Paliya, wale 18 wa maradhi.

Yaka hukurupuka kutoka gizani akinguruma. Mpiga ngoma humzuia kwa maswali: wewe nani, umetoka wapi, umefuata nini? Yaka husikia vibaya, hutamka majina matukufu kombo, hubishania malipo, hutoa matusi yenye maneno ya mafumbo, hujikwaa. Mpiga ngoma humsahihisha kama mwalimu anavyomsahihisha mtoto mtundu. Watu hucheka, na mgonjwa hucheka pamoja nao, kwa mara ya kwanza usiku ule akikiona kile wanachokiona wenzake: kiumbe mdogo, mlafi, aliye chini ya Buddha na miungu. Mwishowe yaka hukubali sadaka yake na kuahidi kuondoka. Deva Sanniya, mmoja wa wale 18, mwenye uso wa upole, mara nyingi ndiye wa kufunga.

Kwa sababu hiyo mpiga ngoma ni mhusika mkuu wa pili. Katika mazoezi yetu aliwekwa nyuma ya jukwaa kama mpiga muziki, na mazungumzo yote yakafa. Msimamisheni uwanjani, uso kwa uso na barakoa.

Rata Yakuma, ya wanawake wasiopata mimba, waja wazito na watoto wachanga, nimeiona kuwa ya upole kuliko zote. Mwanamume aliyevalia kama mwanamke huigiza kuoga, kuchana nywele, kujipamba, kisha kumlea mwanasesere, akionyesha hatua kwa hatua kile ambacho mgonjwa anakitamani. Katika Suniyama, ya kuondoa uchawi, mgonjwa mwenyewe husogea hatua saba kuelekea jumba la Mahasammata, mfalme wa kwanza wa dunia katika visa vya Kibuddha, na jumba hilo hubomolewa ibada inapoisha. Asiyejua hudhani ni uharibifu wa vifaa.

Masahihisho mengine kwenye miongozo yetu: barakoa za Naga Raksha na Gurulu Raksha, zilizo kwenye mabango yetu ya zamani, ni za Kolamu, tamthilia ya barakoa ya kuburudisha, hazina kazi katika Sani Yakuma. Si lazima barakoa zote 18 zitoke usiku mmoja. Mara nyingi hutolewa chache. Na tamthilia ya Maname ya Ediriweera Sarachchandra, ya mwaka 1956, ilifuata umbo la nadagama, tamthilia ya jadi ya kuimbwa, kwa hiyo tusiseme imezaliwa na tovili.

Kamati inapendekeza azimio moja lipigiwe kura leo: chama kisidhamini onyesho la nusu saa lenye kutoa barakoa za Dahaata Paliya peke yake. Kicheko kisichotanguliwa na hofu hakimponyi mtu, na mtazamaji anarudi nyumbani akiamini kwamba Wasinhala huwacheka wagonjwa. Asiye na uwezo wa usiku mzima na afanye mhadhara, aonyeshe vifaa, aeleze zamu tatu.

Mwaka ujao tunahamia Kandy, kwenye Kohomba Kankariya, ibada inayofungamanishwa na laana ya Kuveni, malkia wa mayaka katika hadithi za kale, na ugonjwa wa mfalme Panduvasudeva, na ambayo ndiyo chimbuko la ves, vazi la wachezaji wa Kandy ambalo dunia nzima hulijua kutoka kwenye picha. Wanaotaka kuingia kundi la ngoma wajiandikishe kwa katibu kabla ya kikao kufungwa, wakitaja kama wana gatabera au watahitaji ya kuazima.