Tulipie Kidunda, lakini mabomba yazibwe

Mheshimiwa Mhariri,

Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipopungua sana, Dar es Salaam tuliingia kwenye mgawo wa maji. Mama yangu alikuwa akiamka saa tisa usiku kukinga maji, ndoo moja moja, kabla hayajakatika.

Ndiyo maana naliunga mkono Bwawa la Kidunda kwa moyo wote. Likijaa, lita bilioni 190 zitahifadhiwa kule Morogoro na kufunguliwa kiangazi, zishuke na mto hadi kwenye mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Nikiambiwa bili iongezwe kidogo kwa ajili hiyo, nitalipa. Anayenunua maji kwa dumu analipa zaidi.

Lakini mtaani kwetu bomba lililopasuka linamwaga maji wiki ya tatu sasa. Barabara imekuwa tope, bata wanaogelea, na tumeshatoa taarifa mara nne. Haya ni maji yaliyokwisha kusafishwa kwa umeme na dawa! Naomba kila bili ionyeshe maji yaliyopotea njiani mwezi huo, ili tunaochangia bwawa tuone uvujaji unapungua.

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam