Malalamiko: Siku 120 mmeanza kuzihesabu pabaya

24 Juni 2025

Meneja,
Kitengo cha Kadi,
Makao Makuu ya Benki.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA KWA PINGAMIZI LANGU LA MALIPO YA AWALI KWA KAMPUNI YA SAFARI ILIYOFILISIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu ya tarehe 19 Juni, ya kukataa ombi langu la kurudishiwa fedha nilizolipa kwa kadi, nimeipata. Ina mistari minne, na wa tatu ndio ulioniketisha kuandika: "Siku 144 zimepita tangu muamala ufanyike, hivyo ombi lako liko nje ya muda wa siku 120." Hesabu yenyewe haina kasoro. Kutoka 12 Januari hadi 5 Juni ni siku 144 kweli. Nimezipitia kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole, mwezi hadi mwezi. Tatizo ni mahali mlipoanzia.

Naanza mwanzo, maana nina wasiwasi kwamba aliyeandika barua ile hakuwahi kuliona faili langu lote.

Tarehe 12 Januari nililipa kwa kadi ya mkopo niliyopewa na benki yenu asilimia 30 ya gharama za safari ya watu wawili, mimi na mama yangu. Safari ilikuwa ianze Ijumaa, tarehe 8 Agosti. Kampuni ilinitumia stakabadhi na uthibitisho siku hiyohiyo. Mwezi Machi nikalipa awamu ya pili, lakini hiyo niliituma moja kwa moja kwenye akaunti yao ya benki, kwa sababu waliniahidi punguzo nikiacha kutumia kadi. Huo ni ujinga wangu na siwadai ninyi. Siku hizi lile punguzo naliona kwa jicho jingine: mfanyabiashara anayekuvuta utoke kwenye kadi miezi mitano kabla ya safari, huenda benki yake imeshaanza kuzishikilia fedha zake za kadi. Wakati ule niliona bahati.

Jumanne tarehe 3 Juni kampuni ikaingia mitini. Tovuti yao ilibaki ukurasa mmoja wenye aya mbili na anwani ya mfilisi, yaani anayekusanya mali ya kampuni iliyofilisika na kuwalipa wanaoidai. Simu yao, iliyokuwa ikipokelewa mlio wa pili, ikawa haipatikani. Nikapiga hotelini. Mpokezi alitafuta jina langu mara mbili, akaniomba nimtajie herufi moja moja, kisha akaniambia kwamba chumba kilikuwa kimeshikiliwa kwa jina langu hadi tarehe 20 Mei; kwa kuwa hakuna aliyekilipia, kikaachiwa. Nikamwomba aniandikie hayo kwa barua pepe. Aliandika palepale, na nakala mnayo.

Siku mbili baadaye, tarehe 5 Juni, nilikuwa tawini kwenu. Kijana wa dirishani, ambaye simlaumu, alikuwa na fomu moja tu ya malalamiko ya kadi, nayo ni ya wizi. Akaniuliza kama nilimpa mtu namba yangu ya siri. Nikamwambia hapana, nililipa mwenyewe, kwa hiari yangu, na msimbo wa uthibitisho uliokuja kwenye simu niliuingiza kwa vidole vyangu. Akasema, "Basi huu si wizi." Nikamjibu kwamba ndicho ninachomwambia. Akajaza fomu ya wizi hivyohivyo. Kabla sijafika nyumbani kadi yangu ilikuwa imefungwa. Nikakatwa ada ya kadi mpya. Na ombi langu likaanza kusafiri ndani ya benki likiwa limebeba jina lisilo lake.

Sasa turudi kwenye siku 120.

Kadi yangu ina nembo ya Visa, mtandao wa malipo ya kadi. Kanuni za mtandao huo mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo nitasema moja tu inayohusika: msimbo 13.1, yaani bidhaa au huduma haikupokelewa. Muda wa kupinga ni siku 120, na hapo tuko pamoja. Lakini kwa huduma inayolipiwa leo na kutolewa baadaye, siku hizo hazilazimiki kuanza siku ya malipo. Zinaweza kuanza siku ya mwisho ambayo mteja alitarajia kupata huduma, au siku alipofahamu kwamba hataipata, ilimradi usivukwe ukomo wa siku 540 tangu muamala uliposhughulikiwa. Chukueni mwanzo mnaoutaka. Mkianza tarehe 3 Juni, nilipojua, nina hadi tarehe 1 Oktoba. Mkianza tarehe 8 Agosti, nilipopaswa kusafiri, nina hadi tarehe 6 Desemba. Ukomo wa siku 540 unaangukia Julai ya mwaka ujao. Mimi nilikuja siku ya pili baada ya kampuni kufungwa. Sijui ni mteja gani anayewahi zaidi ya hapo.

Tuichukue hesabu yenu kama ilivyo, tuone inatupeleka wapi. Siku 120 tangu 12 Januari zinaishia 12 Mei. Tarehe 12 Mei kampuni ilikuwa wazi. Walikuwa wanapokea simu. Siku hiyo chumba changu kilikuwa bado kimeshikiliwa hotelini. Kwa barua yenu, nilitakiwa nije dirishani siku ile, siku 22 kabla ya kampuni kufa, nidai fedha za safari iliyokuwa bado haijaharibika, kwa kosa ambalo lilikuwa bado halijatendeka. Kama ningekuja, mngenirudisha nyumbani, na mngekuwa sahihi. Ina maana kwenu safari yoyote iliyolipiwa zaidi ya miezi minne mapema haina ulinzi wowote: kabla ya siku 120 nimewahi mno, baada yake nimechelewa. Nani anayetoa malipo ya awali ya safari kubwa wiki tatu tu kabla ya kusafiri? Arubuni hutolewa mapema, ndiyo maana yake.

Kwenye simu ya tarehe 11 Juni niliambiwa sababu nyingine ambayo barua yenu haikuitaja, nami naijibu ili isije ikafufuka. Stakabadhi yangu ina muhuri wa bluu uliopigwa kwa mshazari: MALIPO YA AWALI HAYARUDISHWI. Afisa wenu alinisomea maneno hayo kama mtu aliyekuta ushahidi. Ndugu Meneja, sharti lile linanibana mimi nikighairi. Ningeamka siku moja nikasema sitaki tena kusafiri, ningelala njaa na wala nisingewaandikia. Lakini sikughairi. Aliyeshindwa kutoa huduma ni muuzaji, na hakuna muhuri wa bluu unaompa mtu haki ya kubaki na fedha ya kitu ambacho hakukitoa.

Afisa huyohuyo alinishauri niende kwa mfilisi kwanza, kisha nirudi na barua yake mambo yakiisha. Kwa mfilisi nimeshakwenda. Nilijaza fomu ya wadai, nikaambatisha stakabadhi, nikapewa namba. Pamoja na namba hiyo nikapewa ufafanuzi wa foleni: kwanza gharama za ufilisi wenyewe, wakopeshaji wenye dhamana, mishahara ya wafanyakazi, na kule nyuma kabisa sisi wateja, wadai tusio na dhamana. Ufilisi unaweza kuchukua miaka. Nikisubiri uishe ndipo nirudi kwenu, hata siku 540 zitakuwa zimepita, na hapo mtakuwa mmesema kweli. Kumdai mfilisi hakufuti haki yangu ya kupinga muamala kupitia kadi. Kinachokatazwa ni kulipwa mara mbili, na hilo nimelizuia mwenyewe: nimemwandikia mfilisi kwamba benki ikinirudishia, nitaiondoa sehemu hiyo ya dai langu. Nakala imo humu.

Nina hisia, na mnisamehe kama nakosea, kwamba tawini kwenu watu wanadhani naomba benki initolee fedha mfukoni mwake. Siombi sadaka. Pingamizi likikubaliwa, fedha zinatoka benki ya mfanyabiashara, ile iliyompa uwezo wa kupokea kadi. Mfanyabiashara akiwa hai, benki hiyo inamkata yeye. Akiwa amefilisika, hasara inabaki kwa benki hiyo, na ndiyo hatari iliyokubali kuibeba ilipoanza kumhudumia na kumtoza ada kwa kila muamala. Benki hizo zinalijua hilo kiasi kwamba huzuia sehemu ya mapato ya kampuni za safari, au hudai dhamana, hasa kwa ajili ya siku kama hii. Kwa hiyo inawezekana fungu lililotengwa kwa watu kama mimi lipo mahali fulani, na halinifikii kwa sababu hakuna aliyetuma karatasi. Ninyi kazi yenu ni kutuma. Hamkutuma. Mliniamulia kesi dirishani, upande wa pili haujaulizwa hata swali moja.

Niliambiwa pia, kwa maneno haya haya, "kampuni ikifilisika hakuna benki inayorudisha." Shirika la ndege la WOW air la Aisilandi liliposimamisha safari zake tarehe 28 Machi 2019, lenyewe ndilo lililowaelekeza abiria waliolipa kwa kadi ya mkopo wakazione kampuni za kadi zao. Miezi sita baadaye, tarehe 23 Septemba 2019, ikaanguka Thomas Cook ya Uingereza, kampuni iliyoanza biashara ya safari mwaka 1841. Uingereza wana Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974, kinachoifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji, pale bei ya kitu inapozidi pauni 100 na haivuki pauni 30,000. Huko, hata kama kwa kadi ulilipa arubuni tu, unaweza kudai thamani yote ya mkataba, pamoja na ile awamu niliyoituma kwa ujinga wangu. Sisemi sheria ya Uingereza inawafunga ninyi. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: fedha iliyopita kwenye kadi, kwa kanuni za mtandao ambao nembo yake mmeichapa kwenye kadi yangu. Mtu aliyenijibu kwenye simu hapaswi kuwaambia wateja kwamba jambo linalofanyika kila kampuni ya safari inapoanguka halipo duniani.

Ninachotaka ni hiki. Ombi langu lifunguliwe upya chini ya msimbo 13.1, liondolewe kabisa kwenye kundi la wizi, na litumwe kwa benki ya mfanyabiashara. Tarehe ya kuwasilishwa ibaki 5 Juni, siku niliyofika dirishani. Isiwe siku mtakayojisahihisha. Jina lililo kwenye taarifa yangu ya akaunti ni tofauti na jina la biashara lililo kwenye stakabadhi, kwa sababu kampuni ilisajiliwa kwa jina jingine. Nimeambatisha ukurasa wa mfilisi unaoyataja majina yote mawili, ili mtu asije akaniambia mwezi ujao kwamba mfanyabiashara huyo hajulikani. Riba mnayoendelea kunitoza kwenye kiasi hicho isimame hadi uamuzi utoke. Ada ya kadi mpya nirudishiwe, kwa kuwa kadi ya zamani haikuwa na tatizo lolote na sikuomba ifungwe.

Pamoja na barua hii mtakuta stakabadhi, uthibitisho wa safari wenye tarehe ya 8 Agosti, barua pepe ya hoteli, tangazo la kufungwa, na barua yangu kwa mfilisi. Vyote hivi niliviwasilisha tarehe 5 Juni isipokuwa hiyo ya mwisho. Kijana wa dirishani alivibana kwa pini nikiona, kwa hiyo kama havimo kwenye faili, mtafuteni aliyeibandua pini.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, faili hilihili nitalipeleka kwa mamlaka inayosimamia mabenki, pamoja na barua yenu ya mistari minne, na nitawaomba wao wanisaidie kuhesabu.

Jibu naomba liwe la maandishi. Msinipigie simu. Nimepigiwa mara tatu tangu tarehe 5, kila mara na mtu mwingine, na kila mmoja ameanza kwa kuniuliza kama nilimpa mtu namba yangu ya siri.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa miaka 11
(saini)