Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: chupa zile bado zinauzwa stendi

Mheshimiwa Daktari, shikamoo, na pole na majukumu.

Jumanne, saa kumi alfajiri, nilimkuta mama yangu amelowa jasho, ulimi mzito, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Hospitali kipimo cha sukari kikasoma 1.9, imeshuka mno. Akawekewa dripu ya glukosi, akarudi. Mimi nimerudi na deni la bodaboda, la vipimo na la duka.

Mama ana kisukari, anameza glibenklamidi, ile dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini, na sukari ishuke. Siku nne kabla alikuwa amenunua stendi chupa ya mitishamba, 15,000. Lebo inasema: kisukari, presha, bawasiri, uvimbe, nguvu za kiume. Kilichomo hakikuandikwa. Kwa uchungu ule nadhani ni karela, na karela nayo hushusha sukari. Zimekutana mbili tumboni mwa bibi kizee aliyelala na njaa. Jirani anasema humo husagiwa na vidonge vya hospitali. Nani atukatalie, kama hakuna anayepima?

Nikukumbushe kwa heshima. Mwaka jana, uwanja wa shule, ulituahidi wauza dawa wa stendi wangekaguliwa ndani ya mwezi mmoja. Tulipiga makofi. Yule muuzaji wa stendi mwenye kipaza sauti naye alikuwepo. Alipiga kutushinda sote. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, kwa hiyo haraka haipo, tunaelewa.

Mimi si adui wa mitishamba, mwarobaini nimekunywa tangu utoto. Linaloniuma ni kwamba mama alificha. Zamani aliwahi kutaja mizizi kliniki, akafokewa mbele ya foleni nzima. Tangu hapo hajataja tena, na hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa kwa upole angesema yote, na ya jirani juu.

Sikuombi gari wala jengo. Waagize wahudumu wa kliniki wamuulize kila mgonjwa, bila kufoka: mama, nyumbani unakunywa nini kingine? Wenye kisukari, wenye presha, na wale wa dawa za kuzuia damu kuganda wanaotafuna vitunguu saumu kila asubuhi. Waulizwe tu. Nasema tena, waulizwe.

Leo nimepita stendi. Chupa zipo, na sasa ni mbili kwa 25,000.

Wako mtiifu,
Binti wa mgonjwa wa kliniki ya Alhamisi