Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wapiga Picha wa Mandhari, Mbeya

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika. Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nawaomba tu wenye deni la ada walimalize kabla ya msimu wa maua.

Mwaka huu nguvu zetu tulizielekeza Kitulo. Tangu itangazwe kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, picha zake nyingi ni za ua moja lililopigwa kwa karibu mno, hata mtazamaji hajui kama limechanua mlimani au kwenye chungu cha barazani. Tukakubaliana kupiga mandhari: uwanda wenyewe, ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,600, mlima Mtorwi wenye mita 2,961, na ukingo wa juu ya Chimala.

Ukingo huo ndio uliotupa kazi bora. Zile kona kali za barabara ya kupanda kutoka Chimala, ziitwazo Hamsini na Saba, wengi huzipita mbio wawahi mji mdogo wa Matamba ulio juu. Waliolala Matamba na kushuka ukingoni alfajiri walipata kitu kingine kabisa. Ukitazama kaskazini jua hutokea kulia kwako, kila mkunjo wa mlima ukapata kivuli chake, na chini bonde la Usangu limetandazwa hadi macho yanapokoma. Msimu wa mvua ni lazima uwahi, maana ukungu ukishapanda hakuna lenzi itakayokusaidia. Juni hadi Agosti anga ni safi, ingawa baridi huua betri upesi. Ziwekeni mfukoni, karibu na mwili. Nyasi za miezi hiyo zina rangi ya dhahabu, nasi bado hatujazipa heshima yake.

Sasa jambo linaloniumiza. Kitulo ina zaidi ya aina 40 za orkidi, na picha inayopendwa kuliko zote ni ya orkidi mbele, mlima nyuma. Ili kuipata, watu huacha njia na kulala juu ya mimea mingine. Baya zaidi, simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Viazi vya orkidi, vinavyoliwa kwa jina la chikanda, vimechimbwa miaka mingi katika nyanda zetu na kuuzwa hadi Zambia. Picha tunayoirusha kwa nia njema inaweza kumwongoza mchimbaji moja kwa moja hadi kwenye shina.

Kwa hiyo napendekeza kanuni mpya: tusitoke njiani hata kwa picha nzuri kiasi gani, na kila picha ya orkidi ifutwe taarifa za mahali kabla ya kutolewa. Droni isirushwe bila kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hilo halina mjadala.

Rasimu iko kwa katibu. Naomba tuipigie kura kabla ya uchaguzi wa viongozi, maana mvua za Novemba zikianza wanachama watakuwa tayari njiani.

Mwenyekiti